Nesi Alipokaa Nyuma ya Mkeka Wangu

Kama umekuja kutafuta sukari ni kitu gani na inaingiaje mwilini, kaulize kliniki. Wana mabango ukutani yenye picha za machungwa na matumbo. Mimi ni fundi cherehani wa Mazinde, matumbo siyajui. Ninachokijua ni kidonda kimoja kilichokaa chini ya kidole gumba cha mguu wangu wa kulia tangu masika ya mwaka wa korona hadi masika iliyofuata. Nakieleza kwa sababu kila nikienda kliniki nakuta mtu mpya kwenye benchi, mguu kaufunga kwa kanga, macho yamemtoka pima. Huyo ndiye ninayemwandikia. Wengine msome mkipenda.

Sukari kwetu ni ya ukoo. Mama yetu aliondoka nayo, kaka yangu Omari anayo, nami ninayo. Tulizaliwa Handeni; mimi nikaolewa huku kwenye mikonge, yeye akabaki na shamba la baba. Kaka alikuwa na msemo wake kwamba ugonjwa huu ni mpangaji tu, ukimzoea hakusumbui. Basi tulimzoea. Miguu yangu ilikufa ganzi taratibu, miaka mingi kabla ya haya. Nilikuwa naweza kudondosha ndala njiani nisijue, nikafika mlangoni na mguu mmoja peku. Nyumbani walicheka, nami nilicheka nao.

Halafu korona ikaingia, na watu wakaanza kupiga nyungu. Aliyekuwa Tanzania wakati ule hana haja ya kuelezwa. Kila nyumba ilikuwa inanukia mwarobaini. Kaka alinipigia simu, na baada ya shikamoo na marahaba akanitajia majani mojamoja kama mwalimu anayeita mahudhurio: mwarobaini, mchaichai, mkaratusi, malimau na maganda yake, tangawizi ya kuponda.

"Blanketi liwe zito, mdogo wangu," akasema. "Usitoke humo mpaka jasho lidondoke. Na hospitali usikanyage. Huko watu wanaingia na mguu, wanatoka na kifua."

Nikamsikiliza. Nani asingemsikiliza? Redio ilisema yake, jirani alisema yake, lakini kaka ni kaka.

Chungu kilichemka kweli. Nikakaa kwenye kigoda, chungu mbele yangu katikati ya miguu, na binti yangu Zaina akanifunika. Ndani kulikuwa giza na mvuke. Nilikohoa, nikasoma dua, nikasikia raha kifuani. Nilisukuma miguu mbele kidogo nikae vizuri. Kosa langu lote lilikuwa hilo, kukaa vizuri. Aliponifunua, Zaina hakunitazama usoni.

"Mama, mguu wako!"

Unyayo wa kulia ulikuwa umeegemea chungu muda wote. Chini ya kidole gumba ngozi ilikuwa imefura kama chapati kwenye kikaango. Sikuwa nimesikia kitu. Nikalibonyeza lile lengelenge kwa kidole, Zaina akapiga kelele kana kwamba anabonyezwa yeye. Mimi bado sikusikia kitu, na ndipo nilipoogopa.

Tulifanya wanayofanya watu. Mshubiri ulipakwa, asali ikapakwa, kisha jirani akaleta vidonge vya rangi mbili, tukavifungua na kunyunyizia ule unga wake juu. Lengelenge likapasuka, likawa shimo. Shimo likawa na ukingo mgumu mweupe. Mume wangu, Baba Zaina, ambaye ni fundi baiskeli kando ya lami, alisema twende hospitali. Kaka kwenye simu akasema subirini upepo upite. Nami nilikuwa na kazi. Shule zilipofunguliwa kila mzazi alitaka barakoa, na hakuna fundi anayelala wakati kitambaa kimejaa mezani. Nilikanyaga pedeli ya cherehani asubuhi hadi jioni kwa mguu uleule. Hauumi, kwa nini niupumzishe? Ukisikia mtu wa sukari anakuambia kidonda hakimuumi, usimpongeze. Mshike mkono umpeleke.

Kilichotupeleka sisi ni nzi. Wakati wa kipupwe, kukiwa na baridi ya asubuhi, nzi walianza kunifuata mimi na kuacha sahani. Mteja mmoja alirudisha shingo nyuma nilipompima kiuno. Zaina akafungua dirisha. Baba Zaina akatafuta gari.

Hospitali ya mjini Korogwe tuliikuta na ndoo ya maji na sabuni getini, na mabenchi yamechorwa alama za kukaa mbalimbali. Kukaa kule ni elimu ya peke yake. Hakuna anayezungumza. Vumbi la njiani lilinikereketa koo, nikakohoa mara moja tu, na benchi zima likahama kama kuku waliotupiwa jiwe. Mama mmoja mzee kutoka Mkumbara ndiye pekee aliyebaki.

"Mimi nimeshazeeka, sina pa kukimbilia," akaniambia. "Kohoa tu, mwanangu."

Tukacheka chini ya barakoa. Sikumwona tena, lakini wema ule ninao mpaka leo.

Daktari alikuwa kijana. Hakuanza na kidonda. Alichukua kijiti chenye kiuzi kigumu mbele, akaniambia nifumbe macho.

"Nikigusa, sema nasikia."

"Nasikia," nikasema.

"Sawa. Na hapa?"

"Nasikia."

"Mama," akasema kwa upole, "nilikuwa bado sijagusa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimesema uongo bila kujua kwamba nasema uongo, na mtoto wa watu amenishika nao.

Walinilaza. Walikata nyama iliyokufa, nami nikatazama wakikata kwa sababu hakukuwa na maumivu ya kunifanya nitazame pembeni. Zamani, mama yetu alipougua, vidonda walivimwagia dawa kali ya kutoa povu, na mgonjwa alidhani kinachochoma ndicho kinachoponya. Siku hizi wanaosha kwa maji ya chumvi tu, wanakwangua ukingo mgumu, wanafunika, na wanakukatalia kukanyaga. Hilo la kukanyaga ndilo walilolisema kila siku, kila aliyeingia na kila aliyetoka. Daktari aliniambia mfupa bado uko salama, lakini kidonda kisipofunga wataondoa kidole gumba. Kikishindikana hapo, watapanda.

"Mtapanda mpaka wapi?" nikauliza.

Akasema tusifike huko. Usiku ule nilichukua futi yangu ya kushonea, maana huwa haitoki kwenye mkoba, nikajipima kuanzia kidole hadi goti. Sijui nilitaka kujua nini.

Aliyekuwa akinifunga ni Nesi Eliza, Msambaa wa Dindira, Mlutheri, mwenye mikono ya baridi na mdomo mwepesi. Kisambaa chake na Kizigua changu vilielewana vya kutosha kuteta watu wasijue. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa fundi viatu akachonga ndala nene ya sponji yenye shimo mahali pa kidonda, ili uzito usiguse pale. Yeye pia ndiye aliyemfundisha Zaina kuosha na kufunga. Kwa ajili ya korona hawakutaka tusongamane kwenye chumba cha vidonda. Aliyeweza kusafishiwa nyumbani alirudishwa nyumbani, na picha ikatumwa kwa simu. Hivyo mguu wangu ukawa unapigwa picha kuliko bibi harusi.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Shimo lilipungua likawa sawa na kifungo cha koti, kisha kifungo cha shati. Nilitembea kwa gongo na kisigino. Cherehani niliifunika kwa kitambaa. Sheikh wa msikiti wetu aliulizwa habari ya udhu, akasema nipitishe mkono wenye maji juu ya bandeji, inatosha. Tulidhani tumemaliza kila kitu.

Vuli ilipoanza kunyesha, kidonda kikagoma. Kifungo cha shati kikabaki kifungo cha shati. Ukingo mweupe mgumu ukawa unarudi kila ukikwanguliwa, na Nesi Eliza akaandika kwenye simu ya Zaina: "Sugu imerudi. Mwambie mama anakanyaga."

"Mjibu sikanyagi."

Wiki iliyofuata: "Mama anakanyaga. Sugu haidanganyi."

"Mwambie na mimi sidanganyi!"

Lakini nani angeniamini? Mimi ndiye niliyesema nasikia kabla ya kuguswa. Zaina akaanza kuamka alfajiri kunichungulia. Baba Zaina hakusema kitu, na mume wangu akiwa kimya ujue amekwisha kuhukumu. Asubuhi moja nikakuta mkanda wa cherehani haupo. Ule mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu, bila huo cherehani ni meza tu. Nikamkuta kibandani kwake, ameukunja kwenye mfuko wa shati.

"Baba Zaina, nipe mkanda wangu."

"Mguu ukipona."

"Unaniona mwizi wa cherehani yangu mwenyewe?"

"Nakuona mtu anayetaka kukatwa mguu," akasema, akarudi kwenye baiskeli ya watu.

Niliumia. Hilo nililisikia, ganzi haikuwa moyoni. Tuliishi miezi ile tukipeana chai na chumvi bila mazungumzo. Wageni waliokuja kunipa pole waliambiwa barazani "hasikii huyu", nami nasikia kila neno nikiwa ndani. Ukiuguza mtu, tafadhali, usimsemee barazani. Kama una shaka naye, muulize mbele yake, na ukimaliza kumuuliza, muulize tena kwa njia nyingine.

Kiangazi kikaja, na korona ikarudi kwa jina jipya. Sasa watu walikuwa na "changamoto ya upumuaji". Daktari akaahirisha kukata kidole, akaahirisha tena, mwisho akatuma neno kupitia kwa nesi: mvua za masika zikianza na kidonda kikiwa hivihivi, kidole kitaondoka, na huenda na sehemu ya unyayo. Fundi cherehani wa kukanyaga bila unyayo wa kulia ni fundi wa nini?

Wakati huohuo kaka alinyamaza kwenye simu. Kaka hanyamazi. Nikampigia mkewe.

"Wifi, kaka yuko wapi?"

Akaanza kulia. Kaka alikuwa amechomwa na mwiba shambani tangu vuli, hakuusikia, hakuutazama, na alipoona mguu unabadilika rangi alijifungia ndani kwa kuogopa korona iliyoko hospitali. Walimbeba akiwa haongei. Mguu wa kulia umekatwa juu ya goti. Yu hai.

Sikulia siku ile. Nilikaa nikatazama ndala zangu mlangoni, ya kushoto nzima na ya kulia yenye shimo.

Basi nikafanya nilichokijua. Niliweka nadhiri. Nikamwambia Mwenyezi Mungu, niachie mguu huu, nami sitakosa sala hata moja, na juu ya faradhi zote nitaleta nyingine. Nikaanza kuamka kabla ya alfajiri. Nikaongeza rakaa kabla ya sala na baada yake. Kile kikao cha mwisho nilikirefusha, nikawa nakaa pale mkekani na kuomba mpaka maneno yananiishia, nikiomba mguu wangu na nikimwombea kaka. Zaina alizoea kunikuta pale. Hakuna mtu aliyenikataza. Nani amkataze mtu kusali?

Na bado sugu ilirudi, tena nene zaidi. Picha zikaenda, majibu yakaja mafupi. Nilianza kufikiri kwamba siku yangu imeandikwa, na nikawa mkali hata kwa kuku.

Nesi Eliza alikuja nyumbani kwangu bila kupanga. Alikuwa ametoka msibani Mombo, akaona akisogea mpaka Mazinde kunijulia hali hatapungukiwa kitu. Lilikuwa joto la kuvunja mawe. Aliniamkia shikamoo kwa heshima yote, akanawa mikono bila kuambiwa, akavuta barakoa yake puani. Nikajua amekuja kunisema.

"Wakati wa alasiri huu," nikamwambia. "Nisubiri nisali, halafu utanitukana ukiwa umekaa."

"Sali, mama. Mimi sina haraka."

Kochi lilimshinda kwa joto. Akakaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, nyuma ya mkeka wangu.

Kwa asiyejua, kikao cha sala kiko hivi. Mguu wa kushoto unaulaza. Wa kulia unausimamisha kisigino juu, vidole unavikunja chini vielekee kibla, na uzito wako mwingi unashukia hapo. Ukinyanyuka kwa rakaa nyingine, unajisukuma kwa vidole hivyohivyo. Nimekaa hivyo tangu nikiwa mtoto wa madrasa Handeni. Sikufikiri juu yake hata mara moja, kama usivyofikiri namna unavyomeza mate. Kwangu mimi kukanyaga kulikuwa kusimama na kutembea. Kukaa ni kukaa.

Nilipotoa salamu kulia, nilimwona kwa pembe ya jicho amepiga magoti, karibu anagusa kisigino changu. Nikatoa salamu kushoto.

"Mama, usinyanyuke," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Zaina! Lete simu, njoo hapa nyuma."

"Kuna nini? Nyoka?"

"Usitikisike, mama yangu. Kaa hivyohivyo."

Zaina akapiga picha, wakaniletea. Ilikuwa mara ya kwanza kujiona kwa nyuma. Kidole gumba kimekunjwa mpaka ukucha umetazama juu, bandeji imejibana chini yake, ina doa la maji mekundu, na mwili wangu wote, kanga na unene na miaka yangu, umekaa juu ya kile kishimo.

"Mara ngapi kwa siku?" nesi akauliza.

"Sala tano. Mtoto wa Dindira, hata hilo hulijui?"

"Na nyingine zaidi ya tano?"

Zaina ndiye aliyemjibu. Akamweleza za kabla ya alfajiri, na za juu, na kile kikao kirefu.

Nesi Eliza akakaa chini tena, akashika kichwa. "Tumekuuliza kutembea, tumekuuliza kusimama, tumekuuliza cherehani. Kusali hatukukuuliza. Nina wagonjwa Waislamu wangapi mimi? Nilidhani mnainama tu, mama. Nisamehe."

Nilimwambia hana kosa, na nikamwambia atoke nje kidogo. Alipotoka nililia kwa sauti kama mtoto. Niliona aibu kwanza, halafu nikaona hasira, halafu sikujua naona nini. Kadiri nilivyozidi kuomba niachiwe mguu, ndivyo nilivyozidi kuukandamiza. Kila usiku, kwa mikono yangu iliyoinuliwa. Nikasema, Mola wangu, uliniona, mbona hukuniambia? Baadaye kidogo, nikiwa nimepangusa macho, nikatazama kivuli cha yule binti wa Kilutheri kule mlangoni, nikaona labda nimeambiwa.

Hata hivyo sikukubali kirahisi. Nesi aliponiambia nisalie kitini nilimjibu mimi si bibi wa kiti, na sala yangu haipangwi na bandeji. Baba Zaina alikuwa amerudi, amesimama na picha mkononi. Hakubishana nami. Alimpigia sheikh, akaweka simu wazi tusikie wote. Sheikh alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwambie mama Zaina," akasema, "asiyeweza kusimama akae, asiyeweza kukaa alale ubavu. Hayo alifundishwa chuoni, ameyasahau. Nani kamwambia Mwenyezi Mungu anataka kidole chake?"

Kisha Baba Zaina akatoa mkanda wa cherehani mfukoni. Ulikuwa umepinda kwa jasho na kukaa sana. Akautundika kwenye msumari juu ya cherehani yangu.

"Nilikuona mwongo," akasema. "Nisamehe, mke wangu."

Sikuufunga mkanda ule, mguu haukuwa tayari. Lakini ulikuwa kwenye msumari wangu, na chai ya jioni ile tulikunywa tukizungumza.

Kiti chenyewe ni cha plastiki, cha kijani, kilikuwa cha kukalia wateja. Siku za kwanza nilisali juu yake na kujiona kama niko stendi nasubiri basi. Nilizoea. Mguu niliunyoosha mbele, kisigino chini, kidole hewani. Zaina alikwangua sugu, ikarudi nyembamba. Akakwangua tena, haikurudi. Masika ilipoanza, daktari aliitazama picha, akamwambia nesi kidole kibaki kwanza. Kifungo cha shati kikawa tundu la sindano. Mwezi wa Ramadhani sikuruhusiwa kufunga, nikalishwa uji mchana kama mtoto, na katika siku za mwisho za mfungo Zaina alifungua bandeji, akaileta mlangoni kwenye mwanga, akaigeuzageuza. Ilikuwa kavu na safi. Akaiweka mezani, hakuna aliyethubutu kuitupa mpaka jioni.

Nesi Eliza alijibu picha ile kwa neno moja tu, "Mama!" Siku hizi pale kliniki, mgonjwa wa mguu akisema hakanyagi, wanamuuliza anasali vipi, analima vipi, anachuma chai vipi, anakaa vipi anapopika. Wanamwambia aonyeshe. Nimewaona wazee wakikunja miguu sakafuni mbele ya manesi, na manesi wamechuchumaa nyuma yao.

Baada ya Idi nilikwenda Handeni kumwona kaka. Nilibeba kiti changu, sikuona haya. Alinipokea ukumbini akiwa kwenye kiti chake cha mbao, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini, magongo ukutani. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia, akaitika, akatazama kiti changu.

"Ndugu wawili, viti viwili, miguu mitatu," akasema, akacheka. Mimi ndiye niliyelia.

Adhuhuri ikaingia. Akasogeza kiti mbele akawa imamu, nikaweka changu nyuma yake. Sala ile Mungu anisamehe, sikuitazama kama inavyopaswa. Mahali pa mguu wake wa kulia palikuwa sakafu tupu, na macho yangu yakahamia wa kushoto. Alikuwa ameurudisha chini ya kiti, unyayo umenielekea. Mguu mmoja unaobeba mtu mzima, unaoruka na magongo kutoka chumbani hadi chooni. Chini ya kidole gumba niliona kitu.

Alipotoa salamu nikaburuta kiti mpaka mbele yake.

"Kaka, nipe mguu."

"Umeanza udaktari?"

"Nipe."

Akanipa, anacheka. Nikauweka mapajani, nikaugeuzia dirishani. Sugu, ngumu, nyeupe, na katikati yake alama ndogo nyeusi kama mbegu ya papai. Nikaweka ukucha wangu juu yake, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote.

"Unasikia?"

"Nisikie nini?" akasema kaka. "Si hujagusa bado."

Nikamwita wifi, nikamwambia apange nguo za kaka. Asubuhi tukapanda gari la kwanza la Korogwe.